Nywila Ambayo Mercyline Hakuisoma

Ilikuwa Jumapili mchana Mercyline Makhanu alipotaka kuisikia tena sauti ya mamake. Alikuwa ametoka kanisani, amevua viatu, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango wake kule Rhonda, mtaa wa Nakuru, na laptopu mapajani. Mamake, Nerima, alikuwa amezikwa miezi kadhaa nyuma, na tangu mazishi Mercyline hakuwa amethubutu kuzifungua rekodi alizomchukua. Alikuwa ameziacha jinsi fundi anavyoacha kitambaa kizuri kabatini, akingoja mkono utulie ndipo akikate. Siku hiyo alijiona ametulia. Akaingia kwenye akaunti yake ya mtandaoni, akabonyeza folda aliyoiita "Mama".

Folda ilikuwa tupu.

Kwanza aliulaumu mtandao. Akafunga, akafungua tena. Tupu. Akaenda kuangalia kwenye takataka za akaunti, mahali vitu vilivyofutwa hukaa kwa muda kabla ya kupotea kabisa, nako kulikuwa kumefagiwa. Ndipo alipokumbuka ujumbe mmoja kwenye simu yake. Uliingia wiki ya mazishi, kutoka kwa Sitati, aliyekuwa mume wake. Wakati ule aliusoma akauona ni upuzi wa mtu aliyelewa, akaupita. Sasa aliutafuta, akausoma polepole: "Ulininyamazisha mbele ya watu. Sasa na yeye amenyamaza."

Mercyline alidhani Sitati alikuwa akikicheka kifo. Kumbe alikuwa anampa taarifa.

Hakulia. Majirani walipita wakamsalimia na akaitikia vizuri. Alikaa pale hadi kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni, kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na mtu aliye kando yake, "Sitati, wewe utanijua."

Mercyline alizaliwa Nakuru na kulelewa Nakuru. Babu yake alitoka Bungoma kuja kufanya kazi ya reli, babake akafanya kazi kiwandani, na yeye mwenyewe akajifunza kushona. Alikuwa na duka la mabati kando ya barabara ya kwenda Kaptembwo, na kazi yake ilikuwa mapazia. Wateja wake wengi hawakulijua duka hilo. Waliona mapazia mtandaoni, kwenye ukurasa wake, wakaandika vipimo vya madirisha yao, naye akashona akawatumia.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, Mama Nerima alikaa Nakuru kwa bintiye. Ugonjwa ulimfunga kitandani lakini mdomo haukufungwa. Alisimulia jinsi nyumba za wafanyakazi wa reli zilivyokuwa zikitetemeka treni ikipita na vikombe vikigongana kabatini. Aliimba nyimbo ambazo wanawake wa kwao walikuwa wakiimba wakipalilia wimbi. Alitaja majina ya watoto wawili aliowazika kabla Mercyline hajazaliwa, majina ambayo hakuwa amemtajia mtu mwingine yeyote. Mercyline alimrekodi kwa simu huku akishona pale nyumbani, na nyuma ya sauti ya mzee yule ulisikika mlio wa cherehani. Simu ilikuwa ndogo, ikijaa haraka, kwa hiyo kila rekodi aliipeleka mtandaoni na kuifuta kwenye simu. Aliamini ameiweka mahali salama kuliko pote.

Nywila ya mahali hapo ilikuwa jina lake na la Sitati yakiunganishwa, na mwaka wa harusi ukiwekwa mwishoni. Ilikuwa hiyo hiyo kwa barua pepe, kwa ukurasa wa mapazia, kwa kila kitu. Sitati alipohama kwenda Rongai kuanza maisha mengine, alichukua nguo zake, redio na godoro la wageni. Hakuna aliyewaza kuhusu nywila.

Na hasira ya Sitati ilikuwa na chanzo chake. Siku ya kumzika Mama Nerima, kule Bungoma, alifika amevaa suti, akaketi na wakwe wenzake, akangoja zamu yake ya kusema machache juu ya marehemu. Mercyline alimwona, akamwendea mwelekezi wa shughuli na kumnong'oneza kwamba yule arukwe. Zamu ya wakwe ilipofika, mwelekezi akasema, "Wakwe wetu tumewaona, Mungu awabariki, tuendelee." Sitati alikuwa tayari amesimama anafunga kifungo cha koti. Watu wakageuka kumtazama. Vijana fulani waliokuwa nyuma wakacheka. Akarudi kuketi, na Mercyline, katikati ya kilio chake, aliona na akaridhika.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kati yao.

Jumatatu asubuhi Mercyline alifunga duka akaenda mjini kwa Abdisalam. Huyu alikuwa na kioski cha kutengeneza simu na kompyuta ghorofani karibu na soko, kijana wa ukoo wa zamani wa mtaa wa Bondeni ambao mababu wake walitoka pwani, mtu mtaratibu, asiyependa kuahidi.

"Boss," Mercyline alimwambia, "mtu akifuta kitu kwa akaunti, na akasafisha mpaka takataka, kinaweza kurudi?"

"Imepita muda gani?"

"Miezi."

Abdisalam akatikisa kichwa. "Hapo pole, mathe. Ingekuwa flashi ningejaribu. Hiyo imeenda."

Mercyline alimtazama bila kupepesa. "Basi nifundishe vile mtu huingia kwa akaunti ya mwingine. Nataka nimfanyie vile alinifanyia."

"Hapana."

"Nitakulipa."

"Si pesa. Mimi hufunga milango, sivunji. Ukipata wa kuvunja, usiniambie ni nani." Akavuta kiti akamkaribisha. "Lakini wacha nikuulize. Paswadi aliyotumia kuingia kwako, umeshaibadilisha?"

"Sijaibadilisha."

"Kwa hivyo hata saa hii tukiongea anaweza kuwa kwa barua pepe yako, anasoma vile umeamka. Tuanzie hapo kwanza. Hasira utaenda nayo nyumbani, hakuna mtu atakuibia."

Akaifungua laptopu ya Mercyline na kumwonyesha kitu ambacho hakuwahi kukitazama. Kivinjari chake, ile programu ya kufungulia tovuti, kilikuwa kimehifadhi nywila zake zote kwa miaka, kila alipobonyeza "ndiyo" bila kusoma.

"Hii ndiyo njia watu wengi hutumia bila kujua wanaitumia. Si mbaya sana. Lakini laptop yako haina hata kufuli ya kuingilia. Mtu akikaa hapa ukienda kuteka maji, anaziona zote."

"Na nikitaka kuweka mahali pengine?"

"Kuna kampuni za kukuwekea. Zinafungwa vizuri, zinakaa kwao, na wewe unazipata kwa simu, kwa laptop, popote uko. Sitakudanganya, hiyo ndiyo rahisi, na watu wengi inawafaa."

"Kwao ni wapi?"

"Mbali. Majuu huko."

Mercyline akakunja uso. "Na nyingine?"

"Nyingine inakaa kwako. Ni programu ndogo. Paswadi zako zote zinaingia kwa faili moja iliyofungwa, na hiyo faili iko ndani ya hii laptop, haiendi popote. Unaifungua kwa maneno yako ya siri. Ukiingia kwa tovuti inakujazia yenyewe, na ukipelekwa kwa tovuti feki inayofanana na ya kweli, inakataa kujaza, kwa sababu hiyo hutazama anwani, haitazami rangi. Tena inakutungia paswadi mpya, ndefu, hazina maana yoyote. Huhitaji kuzijua."

"Nikisahau yale maneno ya siri?"

"Umekwisha. Mimi siwezi kukufungulia. Hata aliyeitengeneza hawezi."

"Hata aliyeitengeneza?"

"Hata yeye."

Mercyline alirudia maneno hayo mdomoni kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Hata yeye hawezi. Kitu fulani ndani yake kilikaa sawa.

"Nipe hiyo."

"Usikimbie. Laptop ikiibiwa, je? Lazima uwe na nakala kwa flashi, na flashi isikae begi moja na laptop. Kila ukibadilisha kitu, unanakili tena. Na simu yako haitaona chochote mpaka uibebee faili mwenyewe. Ni kazi, mathe. Ile ya kampuni haina kazi yote hii."

"Mimi hushona mapazia, kazi siogopi. Nilishaweka kitu changu huko juu kwa wenyewe nikaona. Hii nataka ikae kwangu."

Abdisalam hakubishana tena. Akaipakua programu kutoka kwa tovuti ya walioitengeneza, akaiweka, kisha akamwambia atunge maneno ya siri: maneno kadhaa ya kawaida yasiyohusiana, ambayo hayajawahi kukaa pamoja katika sentensi. "Usiweke jina la mtu. Na harusi iache mahali ilipo." Akageuza uso akatazama nje dirishani hadi Mercyline alipomaliza kuandika. Halafu akaamuru kivinjari kitoe nywila zake zote, programu ikazimeza, na ile faili ya katikati iliyozisafirisha akaifuta mara moja, kwa sababu hiyo, alisema, haikuwa na kufuli na yeyote angeweza kuisoma. Akaifuta pia kumbukumbu ya kivinjari.

"Sasa nenda ubadilishe moja moja. Anza na barua pepe. Mwenye barua pepe ndiye mwenye nyumba."

Alasiri hiyo Mercyline alikaa dukani, cherehani imelala, akiifanya kazi aliyopewa. Alibadilisha barua pepe, kisha ukurasa wa mapazia, kisha tovuti ya shule anakosoma bintiye Nasimiyu, aliyekuwa bwenini. Kila alipofunga mlango mmoja alihisi Sitati akisukumwa nje hatua moja. Alipofika karibu na mwisho wa orodha aliona anwani ambayo haikuwa yake.

Ilikuwa ya Sitati.

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akakumbuka kwamba kuna mwaka laptopu ya Sitati iliharibika, akawa anatumia hii. Naye pia alikuwa akibonyeza "ndiyo" bila kusoma. Jina lake lilikuwa pale, na kando yake nywila, imefunikwa kwa vitone. Mercyline akabonyeza alama ya jicho. Vitone vikafunuka. Ilikuwa jina la mbegu ya mahindi na tarakimu chache, hata hakuwa amejisumbua.

Ukweli ni kwamba angeweza kuingia papo hapo. Lakini Mercyline hakuwa mtu wa kukurupuka na mkasi. Aliifunga laptopu, akawasha cherehani, akashona mpaka jioni, na alipokuwa akishona alikuwa akiimba.

Kazi ya Sitati ilikuwa kuuza mbegu na dawa za shamba pale Rongai, na kilichompa jina ni video zake. Alisimama katikati ya mahindi na kofia ya majani, akawaeleza wakulima lini wapande, wadudu gani waviziwe, na kwa nini majani yanageuka zambarau. Ukurasa huo aliuita "Shamba na Sitati". Kuanzia Njoro hadi Molo na Sachangwan watu walimfuata, na akipita sokoni wakulima humwita mwalimu. Video za mwanzo Mercyline ndiye aliyemshikia simu, jua likimchoma utosini, akirudia mara kumi kwa sababu Sitati alisahau maneno. Ukurasa mzima uliegemea akaunti ile ile ya barua pepe.

Akaanza kumfuatilia kila asubuhi kama mtazamaji wa kawaida. Aliona duka lake jipya. Aliona amenenepa. Siku moja akaona tangazo: mvua za Machi zilikuwa zimekaribia, na Sitati angefanya mkutano mkubwa wa wakulima uwanjani Rongai, akiurusha moja kwa moja kwa wale wasioweza kufika.

"Mbele ya watu," Mercyline alisema.

Siku ya mkutano aliweka tangazo mlangoni kwamba amefunga. Kwenye simu yake aliona uwanja umejaa, mahema, viti, Sitati kwenye kipaza sauti akicheka na watu. Akafungua laptopu, akaandika anwani ya Sitati na ile nywila ya mbegu ya mahindi. Mlango ukafunguka nusu. Ukauliza nambari ya kuthibitisha, ambayo ilikuwa imetumwa kwa simu.

Mercyline alidhani basi, imeishia hapo. Lakini mezani, kando ya mkasi, simu yake nyingine kuukuu, ya kupokelea oda, ikatetemeka. Laini iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya Sitati zamani, ila ilisajiliwa kwa kitambulisho cha Mercyline kwa sababu yeye alikuwa amepoteza chake, na aliposhika njia aliiacha na kununua nyingine. Hakukumbuka kuiondoa kwenye akaunti. Mercyline akasoma nambari, akaiandika, akaingia.

Alikuwa amejiandaa kufunga mara moja. Lakini kuingia ndani ya maisha ya mtu uliyelala naye miaka si jambo la kupita tu. Aliona barua za wakulima wakimshukuru. Aliona picha za Nasimiyu za tangu utotoni, zimepangwa vizuri. Aliona picha za mwanamke ambaye hakutaka kumtazama, na hakumtazama. Kisha, bila kujua kwa nini, akaandika katika sehemu ya kutafuta neno moja, "Mama".

Ikaja sauti moja. Rekodi fupi, iliyohifadhiwa kutoka kwenye simu ya Sitati; aliyetuma ni Mama Nerima.

Mercyline aliibonyeza.

"Sitati, mkwe wangu," ilisema sauti ya mamake, dhaifu, yenye kikohozi, na nyuma yake cherehani ilikuwa inalia. "Huyu ni Nerima. Nakutumia sauti kwa simu kwa sababu wewe ni mkwe, tukikaa pamoja heshima inanifunga mdomo. Hapa siwezi kukuona, kwa hivyo nitasema. Nasikia mambo yenu si mazuri. Sikuulizi nani amekosa. Nakuomba tu usimwache mtoto wangu na hasira. Huyo, tangu akiwa mdogo, ukimnyang'anya kitu hata ukimrudishia hakitaki tena. Anataka kukuona ukilia. Hilo nilijaribu kumtoa nikashindwa. Umvumilie. Na asante kwa dawa, nimekunywa, kifua kimelegea. Mungu akuangalie."

Halafu kikohozi, halafu kimya.

Hapo ndipo Mercyline alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Aliirudia rekodi, akairudia tena. Baada ya zote alizopoteza, hii moja ndiyo ilikuwa imebaki, nayo alikuwa nayo adui. Mamake alikuwa akiongea na Sitati umbali wa mita chache kutoka kwenye cherehani yake, na yeye alikuwa anashona, hajui anasemwa. Wala hakujua kwamba Sitati alikuwa akinunua dawa.

Mtu mwingine angesimama hapo. Mercyline mwenyewe aliona mahali pa kusimama palivyokuwa wazi mbele yake, kama benchi tupu. Aliinakili rekodi kwenye laptopu, akaiweka na kwenye flashi. Akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha pazia. Kwenye simu, Sitati alikuwa anawaambia wakulima, "Video zote za msimu ziko kwa ukurasa, mtu asiseme hajaona." Watu wakapiga makofi.

Mercyline akafungua programu yake na kuiamuru itunge nywila mpya, ndefu kuliko zote. Ikatunga. Herufi zilijipanga zimefunikwa kwa vitone, na alama ya jicho ilikuwa pale kando, lakini hakuigusa. Alinakili bila kuona, akabandika, akabandika tena kuthibitisha. Akaondoa laini ya zamani. Akaondoa anwani ya akiba. Akaamuru vifaa vingine vyote vitolewe nje. Kwenye simu yake ule mkutano ukaganda, Sitati mdomo wazi, mkono juu, kisha skrini ikawa nyeusi.

Akarudi kwenye programu, akaifuta ile nywila, na kuisafisha hadi kwenye takataka za ndani, kama alivyofanyiwa yeye. Akahifadhi, akatoka kwenye akaunti ya Sitati. Kwa hiyo sasa hakukuwa na mtu duniani aliyeijua. Hakuijua aliyeiweka.

Akawasha jiko akapika chai, akainywa yote.

Sitati alifika dukani wiki hiyo hiyo, alasiri, bila kubisha. Alikuwa amekonda usoni. Mercyline hakuondoa mguu kwenye kikanyagio cha cherehani.

"Mama Nasimiyu, nifungulie."

"Nikufungulie nini?"

"Usinichezee. Nilitumiwa onyo kwa simu kwamba nimetolewa. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu kama mjinga, naambiwa mwalimu umepotea, na mimi sijui nimepotelea wapi. Wakulima wananipigia kutoka hadi Sachangwan. Mvua inaanza. Kazi yangu yote iko huko ndani."

"Watazoea. Watu huzoea kimya."

"Nitaenda polisi."

"Enda. Wakikuuliza ilianzia wapi, uwaambie vizuri, usiruke mahali."

Sitati akatazama mlangoni, kisha akaketi kwenye stuli ya wateja. Hasira ilimtoka kama hewa kwenye gurudumu. "Nilifuta nikiwa nimelewa, nikiwa nimetoka kwa ile aibu," alisema. "Asubuhi niliamka nikajuta, nikarudi kuzitoa kwa takataka, nikapata nilishasafisha. Naapa kwa Nasimiyu."

"Usimtaje mtoto."

"Nisamehe, Mercy. Nipe paswadi."

"Sina."

"Unayo."

"Sikuisoma." Mercyline akasimamisha cherehani na kumgeukia. "Mashine iliitunga, mashine ikaifunika, nikafunga nayo, nikaitupa. Hata ukinipiga hapa mpaka kesho hizo herufi hazitatoka, kwa sababu hazijawahi kuingia kichwani mwangu. Naweza kukuonea huruma, Sitati, na bado usifunguliwe."

Alimtazama Sitati akianza kuelewa. Iliingia polepole, kama maji kwenye udongo mkavu, na Mercyline hakukosa hata tone. Alikuwa ameingoja sura hiyo tangu ile Jumapili.

"Picha za mtoto," Sitati alisema.

"Ninazo zangu."

"Kulikuwa na sauti ya Mama, alinitumia."

"Niliisikia."

"Uliisikia yote?"

"Mpaka mwisho. Halafu nikafunga."

Sitati akainamisha kichwa. Alipoongea tena, sauti haikuwa ile ya uwanjani. Mamake mwenyewe alikufa Sitati akiwa mdogo, Mercyline alilijua hilo. Hakuwahi kuwa na sauti nyingine ya mama ikimwita jina. "Niwekee hata mara moja tu," alisema. "Nisikie."

Mercyline alifikiri. Halafu akaivuta laptopu, akaifungua, akaandika maneno yake ya siri huku akiwa ameficha vidole, akaiweka rekodi. Mama Nerima akaongea ndani ya duka lile. Ilipofika mahali pa dawa na kifua, Sitati alijifunika uso kwa viganja na mabega yakatikisika. Mercyline alisimama juu yake akamtazama akilia hadi alipomaliza. Hakumgusa wala hakumsemesha.

"Nitumie," Sitati alisema.

Mercyline akafunga laptopu. "Nina kazi ya watu."

Sitati alifungua ukurasa mwingine. Ulianza na watu wachache, na wakulima wengine walimshuku kwamba ni tapeli aliyeiba jina la mwalimu, wakamtukana. Video za zamani bado zipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuzitazama, ila Sitati hawezi kuzigusa wala kumjibu mtu anayeuliza chini yake. Maswali yanarundikana pale. Mercyline huyasoma jioni akinywa chai.

Nasimiyu alipofunga shule alikuja na habari zote. Babake alikuwa amemweleza. "Mum, ni kweli?" aliuliza.

"Ni kweli."

"Na hiyo sauti ya Kukhu," akasema, akimtaja nyanyake kwa lugha ya kwao, "utamtumia Dad?"

"Bado," Mercyline alijibu.

Jumapili akitoka kanisani huisikiliza. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichomkera, na kadiri siku zilivyokwenda kikawa kikubwa. Kila alipotaka kumsikia mamake, neno la kwanza kutoka ndani ya mashine lilikuwa "Sitati". Akaibeba laptopu hadi kwa Abdisalam, amwondolee jina hilo, abaki na mamake peke yake.

Abdisalam aliisikiliza kwa vidude vya masikio. Alipomaliza akavivua, akavizungusha vidoleni.

"Huyu anayeambiwa ndiye yule wa siku ile?"

"Ndiye."

"Na yeye anayo hii?"

"Hana."

Abdisalam akalifungua wimbi la sauti kwenye skrini, milima na mabonde ya kijani, akaweka kishale mwanzoni. "Nimekata jina la kwanza. Lakini bado anaongea na yeye tu, mathe. Kila sentensi. Niambie nikate wapi."

Mercyline alivivaa vidude vya masikio, akasikiliza akitafuta mahali. Alisikiliza mara tatu au nne, huku foleni ya watu wenye simu zilizovunjika ikingoja nyuma yake. Mwisho akavivua.

"Rudisha vile ilikuwa," alisema.

Akachukua laptopu yake, akashuka ngazi, akarudi Rhonda kumalizia mapazia ya mteja.